Marehemu Anataka Kuolewa

Jamhuri ya Tulizana haimo kwenye ramani yoyote, na wachora ramani wasilaumiwe. Yule aliyetumwa kuja kuichora alifika salama, akaambiwa aketi kwenye benchi angoje saini, na mpaka hivi tunavyozungumza bado ameketi. Ila nchi ipo, na watu wake ndio wenye bahati kuliko wote chini ya jua, kwa kuwa Kiongozi wao, Mtukufu Baba wa Utulivu, aliwafutia hofu. Aliifuta hadharani, siku ya sikukuu, kwa maneno machache: "Kuanzia leo hakuna mtu katika nchi hii anayeogopa kitu. Atakayeonekana anaogopa, atakiona cha mtema kuni." Wananchi walishangilia kwa ushujaa mkubwa, kila mmoja akimtupia jicho jirani asije akamzidi.

Katika nchi hiyo njema aliishi mjane mmoja, Bi. Nakshi, mpishi wa vileja, zile biskuti laini za samli. Alikuwa mrefu, mkavu kama ufito, mwenye macho makubwa yasiyo na haraka ya kupepesa. Akikutazama, hata kama hukufanya kosa, unaanza kulitafuta. Baada ya miaka mingi ya upweke alipata mchumba: Bwana Mwinjuma, fundi wa miavuli, mtu mpole aliyeweza kuliomba radhi jiwe lililomkwaza. Walipendana kwa utu uzima wao, wakavaa vizuri, wakaenda Ofisi ya Wilaya kuandikisha ndoa.

Karani wa ndoa, Bwana Shabiri, aliitazama kompyuta yake kwa muda, akakuna kidevu.

"Kuna tatizo dogo," alisema. "Bibi harusi amekufa."

Bwana Mwinjuma aligeuka upesi kumtazama mchumba wake. Alipoona anapumua, naye akapumua.

"Amekufa nani?" aliuliza Bi. Nakshi.

"Wewe, mama. Tangu mwaka juzi. Pole sana."

"Nimeshapoa. Lakini mimi niko hapa."

"Uko hapa kwa upande wako. Kwa upande wa serikali hupo." Akaigonga kompyuta kwa upendo. "Na hii, mama, haina sababu ya kukusingizia. Haikujui."

"Basi nifufue, mwanangu."

"Kufufua ni dirisha la pili."

Kwenye dirisha la pili walimweleza kwa adabu kwamba marehemu akitaka kurudishwa kuwa hai, sharti aombe mwenyewe. Na kwa kuwa sheria hairuhusu marehemu kuomba chochote, ni afadhali aketi kwenye benchi wakati wataalamu wanalitafakari jambo hilo. Bi. Nakshi akaketi. Akaketi kesho yake, na kesho kutwa, na majira ya mvua yakaja yakapita yeye ameketi, mgongo wima, mkoba mapajani, macho kwa Bwana Shabiri. Kila karani alipoinua kichwa, alimkuta anamtazama.

"Zamu yangu imefika?" aliuliza kwa upole.

"Bado, mama."

Jioni Bwana Mwinjuma alikuja kumchukua na mwavuli, mvua iwepo isiwepo, wakatembea polepole kurudi nyumbani kama watu wanaotoka kazini.

*

Bi. Nakshi alikuwa na mpwa, Chausiku, binti wa marehemu kaka yake. Huyu alikuwa marehemu wa kweli. Chausiku alikuwa mpiga video za harusi, na ndoto yake ilikuwa kutengeneza filamu ya kutisha. Watu walimcheka. Filamu za kutisha za Tulizana zilijulikana: mzuka ni kijana aliyepakwa unga usoni, anatoka kwenye kabati, anaukanyaga mkia wa shuka lake, anaanguka, na mwendo wa kuanguka unarudiwa mara kadhaa ili filamu ifikie urefu unaotakiwa.

Siku moja mchana Chausiku alimpelekea shangazi yake chakula ofisini. Alipofika mlangoni tu, Bwana Shabiri aliinua kichwa, macho yake yakagongana na ya Bi. Nakshi, na kikombe cha chai kikamponyoka mkononi.

"Shangazi," alinong'ona Chausiku, "usisogee."

"Nisogee niende wapi?" alisema Bi. Nakshi. "Ningekuwa na pa kusogea ningekuwa hapa?"

Papo hapo filamu ilizaliwa. Chausiku hakuwa na fedha za taa wala moshi wala damu, hata ile damu ya nyanya. Kibali nacho hakukihitaji. Sheria ya Sanaa inasema kila mwigizaji aliye hai lazima awe na kibali cha kuigiza, na kibali hupewa yule aliyekwisha kuigiza kwa kibali. Kwa hiyo Tulizana ilikuwa na waigizaji wachache sana, wote wazee. Lakini kuhusu waigizaji waliokufa sheria haikusema neno.

"Unaniambia kufa kwangu kumeleta faida?" aliuliza Bi. Nakshi.

"Kidogo, Shangazi."

"Haya. Lakini sipakwi unga. Unga ni wa vileja."

Walipiga picha Sikukuu ya Uchapakazi, siku ambayo ofisi zote za Tulizana hufungwa kwa heshima ya kazi. Mlinzi aliwafungulia mlango kwa sahani ya vileja. Bwana Mwinjuma alipewa sehemu ya karani. Hakujua kuigiza hata chembe. Alipoambiwa ajifanye ana kiburi aliomba radhi. Mwishowe Chausiku akamwambia agonge mihuri tu, na akijisikia, ainue kichwa. Akagonga. Akainua kichwa. Akamkuta mchumba wake anamtazama kwa yale macho, akaanza kutetemeka mwenyewe, maana asubuhi hiyo alikuwa amesahau kumrudishia bakuli lake na alidhani anadaiwa bakuli.

Filamu iliitwa *Anayefuata*, na habari yake ni hii. Mwanamke amekufa akiwa kwenye foleni ya ofisi, na hakuna aliyetambua. Karani anamwona mwisho kabisa wa benchi. Anainamisha kichwa, anagonga muhuri, anainua kichwa: mwanamke yuko karibu kidogo, na yule aliyekuwa ameketi hapo hayupo. Anagonga muhuri tena. Yuko karibu zaidi. Hasemi kitu, hafanyi kitu, hana hata ukucha mrefu. Kila mara anauliza tu, kwa upole ule ule, "Zamu yangu imefika?"

Chausiku alipomaliza kuiunga alimwonyesha shangazi yake. Bi. Nakshi alitazama mpaka mwisho.

"Huyo mwanamke," alisema, "wangemhudumia tu."

*

Kabla filamu haijaonyeshwa kwa umma, ilikuwa lazima ipite kwa Bodi ya Kutazama kwa Niaba ya Wananchi. Mwenyekiti wake alikuwa Profesa Kipwate, mtu mwenye tumbo la heshima na sauti ya kutolea hotuba hata akiagiza chumvi. Wajumbe walikuja mchana na karanga zao, wakiwa wamejiandaa kucheka. Chausiku na Bi. Nakshi waliambiwa wangoje kwenye korido, ambako, bila shaka, kulikuwa na benchi.

Mwanzoni walisikia vicheko na karanga zikivunjwa. Kisha vicheko bila karanga. Kisha karanga moja. Kisha kimya. Kisha sauti ya mtu anayevuta kiti chake kukileta karibu na kiti cha mwenzake, halafu viti vingi vikivutwa, mpaka ikawa kama Bodi nzima imeketi kwenye kiti kimoja.

Filamu ilipokwisha, taa ziliwashwa. Mjumbe mmoja alikuwa amejifunika uso kwa koti. Lakini wajumbe walikuwa watu wazima wenye familia, na sheria waliikumbuka. Ukisema filamu ipigwe marufuku utaulizwa kwa nini. Ukisema inatisha utaulizwa imemtisha nani.

"Mimi," alianza Profesa Kipwate, akakohoa kwanza ili sauti irudi mahali pake, "mimi nimecheka sana."

"Nimecheka mpaka jasho," alisema wa pili.

"Mimi nimecheka mpaka nimeshindwa kutoa sauti," alisema yule wa koti.

"Basi tukubaliane kwamba ni kichekesho," alisema Mwenyekiti.

"Kichekesho cha watoto," wenzake walimwongezea, kila mmoja akitaka kuwa shujaa kuliko mwenziwe. "Kionyeshwe shuleni!" "Kionyeshwe kwa watumishi wote wa umma, kwa lazima, wapate kuburudika!"

Ikapitishwa hivyo. Profesa Kipwate akatokea kwenye korido akijifuta shingo, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa Bi. Nakshi, ameketi wima, mkoba mapajani.

"Mwanangu," aliuliza Bi. Nakshi, "zamu yetu imefika?"

Taarifa rasmi ya Bodi inasema Mwenyekiti aliondoka kwa kupitia dirishani kwa hiari yake, kwa kuwa ilikuwa njia fupi.

*

Ukumbi wa Taifa ulijaa pomoni. Mbele waliketi watumishi wa umma walioletwa kuburudishwa, nyuma wananchi waliokuja kutazama watumishi wakiburudika. Bi. Nakshi alijibanza mlango wa nyuma na Bwana Mwinjuma, akiona aibu kujiona mkubwa namna ile ukutani.

Mwanzoni watu walicheka kweli, walipoona kwamba mzuka ni mpishi wa vileja wa mtaa wao. Lakini mzuka ulipouliza mara ya kwanza, "Zamu yangu imefika?" bibi mmoja mzee kule nyuma, bila kufikiri, akajibu, "Bado, mama." Ulipouliza mara ya pili wakajibu wengi. Mara ya tatu nusu ya ukumbi ilijibu kwa sauti moja nzito, "Bado!" na hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alisimama akaelekeza kidole, akasema, "Ni mama yangu huyo! Alikaa vile vile!" Wenzake wakamvuta shati aketi, huku nao wakipangusa macho.

Mbele kule watumishi wa umma walikuwa wameacha kugeuka nyuma. Walihisi wote walioko nyuma yao wanasogea.

Kesho yake mambo ya ajabu yalitokea Tulizana. Madirisha ya ofisi yalifunguliwa mapema kuliko milango. Makarani waliwaita watu kwa majina, wakawauliza na hali ya watoto. Mtu aliyejikinga mvua kwenye baraza ya Idara ya Ardhi alivutwa ndani akapewa hati ya kiwanja. Watu wa maji walimkimbiza mama mmoja mtaa mzima, wakamshika, wakamwekea bomba. Ikawa karani akiona mtu anaelekea kwenye benchi anamrukia, "Usiketi! Tafadhali usiketi! Shida yako nini?"

Bi. Nakshi aliposikia hayo alifurahi, akavaa khanga mpya, akaenda na Bwana Mwinjuma Ofisi ya Wilaya. Ukumbi ulikuwa na watu wanaohudumiwa vizuri mpaka wanaona haya. Alipotokea mlangoni, mihuri ilinyamaza. Makarani walikumbuka kwa pamoja kwamba wana udhuru. Mmoja alikwenda kuzika, mwingine alikwenda kuzaa ingawa alikuwa mwanamume. Bwana Shabiri peke yake ndiye aliyebaki, chini ya meza.

"Sikujificha, mama," alisema kutoka huko. "Natafuta kalamu."

"Iko sikioni kwako. Zamu yangu..."

Bwana Shabiri alitoka mbio na meza mgongoni, kama kobe.

Wananchi waliokuwa wakihudumiwa walimzunguka Bi. Nakshi kwa heshima. "Bibi," walimsihi, "tunakupenda, na umetusaidia mno. Lakini ukija wanakimbia. Ungekuwa unapita tu kwa mbali."

Siku hiyo Bi. Nakshi alirudi nyumbani hakupika. Aliketi jikoni, akalia, kwa mara ya kwanza tangu afe.

"Nchi nzima imepata zamu kwa macho yangu haya," alisema. "Mimi mwenyewe sijapata. Na wewe dada zako wanakwambia nini? Najua. Wanakwambia utaoa mzuka."

"Wanasema," alikiri Bwana Mwinjuma. "Nimewaambia mimi sikuogopi." Akafikiri kidogo, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli. "Nakuogopa kidogo. Lakini si kwa sababu ya filamu."

Bi. Nakshi akacheka huku machozi yanamtoka, akamwambia awashe moto.

*

Wakati huohuo Ikulu hakukuwa na raha. Zamani kila asubuhi umati ulisimama langoni ukimlilia Mtukufu awasaidie, naye akawasaidia mmoja au wawili, na redio ikatangaza siku nzima. Sasa langoni palikuwa na mbuzi tu.

"Wamehudumiwa," alieleza msaidizi, kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba.

"Wote?" Mtukufu alishika kichwa. "Mwananchi akishahudumiwa dirishani, kwangu atafuata nini?"

Akaamuru aletewe hiyo filamu aitazame mchana kweupe, mbele ya mawaziri, na huyo mzuka aketi pembeni yake, taifa lione kwamba Baba wa Utulivu hababaiki. Askari wakaenda kumchukua Bi. Nakshi. Walisimama mbali na mlango.

"Shikamoo, marehemu," walisema. "Unaitwa Ikulu."

"Marahaba, wanangu. Nakuja na mchumba wangu."

Mapazia yakafungwa, filamu ikaanza. Mtukufu aliketi kwenye kiti kikubwa cha dhahabu, Bi. Nakshi kulia kwake, mkoba mapajani. Kwa muda Mtukufu alitabasamu. Kisha akaacha. Kisha Bi. Nakshi akahisi mkono laini, wenye pete, ukitafuta mkono wake gizani na kuukamata kwa nguvu.

"Bibi," alinong'ona Mtukufu, "huyo anataka nini?"

"Zamu yake tu."

"Basi si apewe!" alifoka Mtukufu, akasahau kunong'ona. "Wewe karani mjinga! Mpe! Atakufikia!"

Lakini karani wa kwenye filamu hakumsikia. Aliinamisha kichwa mara ya mwisho, akagonga muhuri, akainua kichwa. Benchi lilikuwa tupu. Akatazama kulia, kushoto. Kisha kamera ikasogea nyuma taratibu, na ikaonekana kwamba karani ndiye ameketi kwenye benchi, mwisho kabisa. Kwenye kiti chake, nyuma ya meza, ameketi yule mwanamke. Akayainua macho yale makubwa, akatazama moja kwa moja kwa mtazamaji aliyeko kwenye kiti cha mbele, akasema: "Anayefuata."

Mtukufu akapiga yowe.

Halikuwa yowe dogo. Lilianzia chini kabisa, likapanda, likazunguka Ikulu, na mbuzi langoni wakatawanyika. Taa zilipowashwa mawaziri walikuwa wanatazama dari, sakafu, na vidole vyao. Kila mmoja alijua kwamba amesikia, na kwamba aliyesikia ni shahidi, na shahidi wa jambo kama hilo hana maisha marefu. Chausiku, aliyekuwa nyuma kwenye mtambo, alifumba macho akaanza kujiaga.

Profesa Kipwate, aliyeitwa pamoja na mawaziri, akainuka. Ile sauti ya hotuba haikumwangusha.

"Waheshimiwa," alisema, "tumebahatika. Mtukufu ametunga wimbo."

Ukimya ukayeyuka kuwa vifijo. Mawaziri waliomba wafundishwe wimbo, wakapiga yowe wote, kwanza kwa woga wa kutopiga, kisha kwa raha, maana yowe hilo walikuwa nalo kifuani tangu siku hofu ilipofutwa. Waziri wa Ulinzi alilia kama mtoto na kuomba arudie ubeti.

Makelele yalipotulia, Mtukufu alimgeukia Bi. Nakshi bila kumtazama machoni.

"Sema unachotaka, bibi. Sema upesi, uende."

"Nataka kuolewa, Mtukufu. Hawaniozeshi kwa kuwa wameandika nimekufa. Nataka waandike niko hai."

Mtukufu akakunja uso. "Hapo umenipa mtihani. Serikali yangu haikosei. Ikisema umekufa, umekufa."

"Basi nitangoja," alisema Bi. Nakshi, akajiweka sawa kwenye kiti kilicho ubavuni kwa kiti kikubwa, mgongo wima.

"Usingoje!" alipiga kelele Mtukufu. "Kipwate! Nishauri!"

Profesa Kipwate alitafakari, na usoni mwake likachomoza lile jua linalowachomozea wasomi mara moja katika maisha.

"Mtukufu, tatizo si kwamba bibi amekufa," alisema. "Tatizo ni kwamba bwana amechelewa."

Wote wakamgeukia Bwana Mwinjuma, aliyekuwa amesimama karibu na pazia na mwavuli wake.

"Uko tayari kufa umwoe?" aliuliza Mtukufu.

Bwana Mwinjuma aliukumbatia mwavuli wake. "Inauma?"

"Haiumi. Ni dirisha la tatu."

Bwana Mwinjuma alimtazama Bi. Nakshi, na safari hii hakutetemeka. "Basi niandikeni," alisema. "Samahani kwa usumbufu."

*

Bwana Mwinjuma alifariki siku hiyohiyo kabla ya chai ya alasiri, na haijapata kutokea huduma ya haraka kama hiyo. Bwana Shabiri mwenyewe ndiye aliyewaozesha, kwa kupaza sauti kutoka nje ya jengo. Chausiku alipiga video ya harusi. Filamu yake ilipewa tuzo ya taifa ya kichekesho bora cha watoto, na watoto wa Tulizana wanalala na wazazi wao mpaka leo, ingawa wazazi ndio wanaoomba. Yowe liliongezwa kwenye wimbo wa taifa, baada ya ubeti wa pili, na watu huupenda hapo kuliko pengine popote.

Bi. Nakshi na mumewe walihamia nyumba ndogo yenye uwanja. Marehemu hatozwi kodi, haitwi kujitolea, hachangii ujenzi wa sanamu. Walipika vileja, walitengeneza miavuli, waligombana juu ya chumvi.

Ikaja siku Mtukufu anarudi safari, na kila aliye hai alitakiwa kusimama barabarani tangu asubuhi kumpungia. Balozi wa mtaa alipita nyumba kwa nyumba akigonga milango. Alipofika kwa Bi. Nakshi aliwakuta wawili hao uwanjani, kivulini, wanakunywa chai, miguu juu ya mkeka.

"Nyinyi!" alifoka. "Msafara unakuja, mmekaa tu?"

"Utuwie radhi, balozi," alisema Bwana Mwinjuma. "Sisi tumekufa."

Balozi alitazama jua lilivyoiwakia barabara. Alitazama birika. Akageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yake, kisha akachutama karibu nao, akashusha sauti.

"Jamani, hebu niambieni," alisema. "Nyinyi mlifanyaje mpaka mkafa?"

Bi. Nakshi akamsogezea kigoda na kileja kimoja.

"Keti kwanza, mwanangu," alisema. "Jambo lenyewe linataka subira."